John Reith: Mhandisi Aliyejenga Utangazaji wa Umma Kati ya Serikali na Soko

Mwanzoni mwa Mei 1926, Uingereza ilisimama. Wafanyakazi zaidi ya milioni 1.5 waliweka chini zana zao kuwaunga mkono wachimbaji wa makaa ya mawe waliotakiwa kukubali mishahara midogo kwa saa nyingi zaidi. Treni nyingi hazikutembea, bandari zilifungwa na magazeti karibu yote hayakuchapishwa. Wananchi waliotaka kujua hatima ya nchi yao walibaki na chombo kimoja kilichowafikia kila siku, nacho ni redio.

Ndani ya Baraza la Mawaziri, Winston Churchill, aliyekuwa Waziri wa Fedha, alitaka Serikali iitwae redio hiyo na kuitumia kama silaha dhidi ya mgomo. Aliyesimama mbele ya shinikizo hilo alikuwa mhandisi Mskochi mwenye umri wa miaka 36, mrefu wa karibu mita mbili, mwenye kovu la risasi shavuni. Jina lake ni John Charles Walsham Reith. Uamuzi alioufanya katika siku tisa za mgomo huo, pamoja na gharama yake, ndio msingi wa mjadala ambao haujaisha duniani hadi leo kuhusu namna chombo cha utangazaji wa umma kinavyoweza kulipiwa na umma bila kugeuzwa mali ya wenye madaraka au wenye fedha.

Reith alizaliwa tarehe 20 Julai 1889 katika mji wa Stonehaven, pwani ya mashariki ya Scotland, akiwa mtoto wa mwisho kati ya watoto saba. Baba yake, George Reith, alikuwa mchungaji wa kanisa mjini Glasgow, na malezi ya nyumbani yalikuwa ya sala, nidhamu na wajibu. Kijana huyo hakupelekwa chuo kikuu. Baba yake alimwingiza katika uanagenzi wa uhandisi kwenye kiwanda cha kuunda vichwa vya treni mjini Glasgow, jambo ambalo Reith alilikumbuka kwa uchungu katika maisha yake yote.

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914 alikwenda mstari wa mbele nchini Ufaransa. Mwaka 1915 risasi ya mdunguzi ilimpata shavuni na nusura imwondolee uhai. Baada ya kupona alitumwa Marekani kukagua silaha zilizokuwa zikitengenezwa huko kwa ajili ya jeshi la Uingereza, na vita ilipomalizika alirejea Scotland kuongoza kiwanda.

Mwezi Oktoba 1922, akiwa London akitafuta kazi, aliona tangazo la nafasi ya meneja mkuu wa kampuni mpya ya utangazaji, British Broadcasting Company. Aliomba nafasi hiyo ilhali, kwa maelezo yake mwenyewe ya baadaye, hakujua utangazaji ni kitu gani. Mwezi Desemba aliitwa kwenye usaili na kuajiriwa. Alipoanza kazi alikuta kampuni yenye wafanyakazi wanne.

Kampuni hiyo iliundwa na watengenezaji wa redio, ambao walihitaji matangazo ili bidhaa zao zinunuliwe. Mapato yake yalitoka katika njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa mrabaha uliotozwa kwa kila redio iliyouzwa. Njia ya pili ilikuwa ada ya leseni ya shilingi 10 za Kiingereza kwa mwaka, ambayo kila mwenye redio aliilipa kwenye Idara ya Posta, na sehemu yake ikapewa kampuni. Matangazo ya biashara hayakuruhusiwa. Gawio la wenye hisa nalo liliwekewa kikomo cha asilimia 7.5, ili kampuni isigeuke kisima cha faida.

Katika mpango huo uliobuniwa kwa sababu za kibiashara na kiutawala, Reith aliona jambo kubwa zaidi. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1924 na katika ushahidi wake mbele ya kamati za Serikali, alieleza kuwa redio haifai kuwa biashara wala idara ya wizara. Ikitegemea wafanyabiashara, itawapa watu kile tu kinachouza. Ikiwa idara ya wizara, itasema kile tu kinachompendeza waziri. Alitaka iwe shirika la umma, lenye chanzo cha fedha kilicho wazi na cha uhakika, linalofika mjini na kijijini kwa ubora uleule, na lenye kazi ya kuhabarisha, kuelimisha na kuburudisha. Mapema mwaka 1926, kamati iliyoongozwa na Lord Crawford ilipendekeza kuundwa kwa shirika la aina hiyo.

Kabla pendekezo hilo halijatekelezwa, mgomo ukazuka. Mpaka wakati huo wamiliki wa magazeti walikuwa wameizuia redio kutangaza habari kabla ya saa 1 jioni, wakihofia kupoteza wasomaji. Magazeti yaliposimama, kizuizi hicho kikaondolewa, na taarifa za habari zikatangazwa mara tano kwa siku. Redio ilisoma matamko ya Serikali, na vilevile ilisoma taarifa za upande wa vyama vya wafanyakazi.

Waziri Mkuu Stanley Baldwin hakukubaliana na Churchill. Aliona kuwa chombo kinachoaminiwa na wananchi kina faida kubwa kuliko chombo kilichotwaliwa kwa nguvu. Redio haikutwaliwa. Hata hivyo, Reith alifahamu kuwa Serikali ilikuwa na mamlaka ya kisheria ya kuitwaa wakati wowote, na kwamba kosa moja lingempa Churchill sababu aliyokuwa akiitafuta. Kwa hiyo alienda kwa tahadhari, na tahadhari hiyo ilimlazimu kulipa gharama.

Baldwin alihutubia taifa akiwa nyumbani kwa Reith mwenyewe. Ramsay MacDonald, kiongozi wa chama cha Labour kilichokuwa upande wa upinzani, alipoomba naye azungumze, Reith aliona ni haki apewe nafasi na akalifikisha ombi hilo serikalini. Jibu likawa ni kukataliwa, naye akalitii. Askofu Mkuu wa Canterbury, aliyetaka kutoa wito wa mapatano, naye alizuiliwa kwanza, akaruhusiwa siku chache baadaye mgomo ukikaribia kumalizika. Hoja aliyoijenga Reith ilikuwa kwamba redio ni ya wananchi, Serikali nayo ni ya wananchi, na kwa hiyo katika dharura ya namna ile redio haiwezi kwenda kinyume cha Serikali. Wafanyakazi wengi hawakuikubali hoja hiyo, na hawakusahau. Tarehe 12 Mei, Reith alikuwa kwenye kipaza sauti akisoma habari pale taarifa ya kumalizika kwa mgomo ilipofika studio.

Hivyo, chombo kilinusurika kutwaliwa, lakini sauti ya upinzani haikusikika. Wapo waliomhesabu kuwa mlinzi wa uhuru wa utangazaji, na wapo waliomhesabu kuwa mtu aliyeunusuru uhuru huo kwa kutoutumia. Ushahidi wa siku zile tisa unazipa nguvu pande zote mbili.

Tarehe 1 Januari 1927 kampuni ilivunjwa na shirika la umma, BBC, likaanza kazi kwa Hati ya Kifalme ya miaka 10, Reith akiwa Mkurugenzi Mkuu wake wa kwanza. Mwaka huohuo alitunukiwa cheo cha Sir. Juu yake iliwekwa Bodi ya Magavana iliyoteuliwa kusimamia maslahi ya umma, na si maslahi ya wizara. Ada ya leseni iliendelea kukusanywa na Idara ya Posta. Shirika lilikatazwa kutoa maoni yake lenyewe kuhusu siasa. Mwanzoni lilikatazwa hata kutangaza mijadala yenye utata, hadi katazo hilo lilipoondolewa mwaka 1928.

Mkono mtupu haulambwi, na Reith alilijua hilo. Idadi ya leseni ilipanda kutoka takribani milioni 2 shirika lilipoanzishwa hadi zaidi ya milioni 8 alipoondoka mwaka 1938, lakini si fedha zote zilizolifikia shirika. Idara ya Posta ilikata gharama za ukusanyaji, na Hazina ikachukua fungu lake. Reith alilalamikia makato hayo mwaka baada ya mwaka, akiamini kwamba mwananchi aliyelipa kwa ajili ya redio alistahili fedha yake itumike kwenye redio.

Jaribio jingine la kanuni yake lilikuja Januari 1938, BBC ilipoanzisha idhaa ya Kiarabu, ya kwanza katika lugha ya kigeni. Idhaa hiyo haikulipiwa na ada ya wasikilizaji wa Uingereza, bali na fungu la Serikali. Katika taarifa ya kwanza kabisa ya habari, wasikilizaji walielezwa kuhusu Mwarabu aliyenyongwa Palestina kwa amri ya mahakama ya kijeshi ya Uingereza. Wizara ya Mambo ya Nje ilikasirika. Shirika lilisimama kwenye msimamo kwamba kuificha habari ya kweli kungeondoa imani ya wasikilizaji, na kwamba mlipaji kuwa Serikali hakubadilishi ukweli wa tukio. Idhaa nyingine zilizofuata, ikiwemo ile ya Kiswahili iliyoanza mwaka 1957, zilirithi kipimo hicho.

Reith hakuwa mtu mwepesi kuishi naye. Aliongoza kwa amri, na maadili ya nyumba ya mchungaji aliyahamishia kazini. Mwaka 1929 mhandisi mkuu wake, Peter Eckersley, alilazimika kuondoka kwa sababu ya talaka. Shajara zake, zilizochapishwa baada ya kifo chake, zinaonesha pia kuwa katika miaka ya 1930 alivutiwa na utawala wa Mussolini na wa Hitler. Churchill naye, aliyetaka kuitwaa redio mwaka 1926, alilalamika miaka michache baadaye kwamba ananyimwa nafasi ya kueleza redioni msimamo wake kuhusu India.

Afrika nayo ilimwona. Mwaka 1934 alialikwa Afrika Kusini na Waziri Mkuu Hertzog kushauri kuhusu utangazaji, na ripoti yake ikazaa shirika la utangazaji la nchi hiyo, SABC, mwaka 1936. Muundo wake ulifanana na wa BBC, lakini shirika hilo lilijengwa kuwahudumia wazungu wachache waliozungumza Kiingereza na Kiafrikana, na baada ya mwaka 1948 likawa chombo cha utawala wa ubaguzi wa rangi. Hati, bodi na ada vilikuwepo, lakini wananchi walio wengi hawakuhesabiwa kuwa umma.

Baada ya kuondoka BBC, Reith aliongoza shirika la ndege la Imperial Airways. Mapema mwaka 1940 aliteuliwa kuwa Waziri wa Habari, akawa upande wa pili wa meza aliyoikalia miaka mingi. Churchill alipokuwa Waziri Mkuu alimhamishia wizara nyingine, kisha mwaka 1942 akamwondoa serikalini. Reith, ambaye tayari alikuwa amepewa cheo cha Lord, alijiunga na jeshi la wanamaji.

Kuanzia mwaka 1950 hadi 1959 alikuwa mwenyekiti wa Shirika la Maendeleo ya Makoloni, lililokuwa na miradi hadi Tanganyika, ukiwemo wa mashamba ya miwati Njombe. Katika kipindi hichohicho, mwaka 1956, Sauti ya Dar es Salaam iliyoanza mwaka 1951 iligeuzwa kuwa Shirika la Utangazaji Tanganyika, kwa mfano wa BBC. Baada ya uhuru, Serikali za Afrika Mashariki zilichagua njia nyingine. Kenya iliiweka redio yake chini ya wizara mwaka 1964 na Tanzania mwaka 1965, kwa hoja kwamba taifa changa linahitaji chombo kimoja cha kuwaunganisha wananchi wake.

Mwaka 1952 Reith alisimama katika Baraza la Malodi kupinga televisheni itakayolipiwa na matangazo ya biashara, akiifananisha na maradhi ya kuambukiza yaliyopata kuingia Uingereza. Alishindwa, na televisheni hiyo ikaanza mwaka 1955. BBC haikufa. Ilijifunza kushindana, huku ada ya leseni ikibaki nguzo yake.

Reith alifariki dunia mjini Edinburgh tarehe 16 Juni 1971, akiwa na umri wa miaka 81. Mihadhara inayobeba jina lake, iliyoanza mwaka 1948, bado inatangazwa kila mwaka. Ameacha muundo ambao mataifa mengi yameuiga, kila moja kwa kipimo chake. Ameacha pia kumbukumbu ya Mei 1926, kwamba fedha ya uhakika na hati nzuri humwezesha mtangazaji kusimama wima, lakini hazimwamulii lini aufungue mlango kwa sauti ambayo wenye mamlaka hawataki isikike. Uamuzi huo ulimfikia Reith jina la MacDonald lilipowekwa mezani pake, naye akaurudisha serikalini.