Mirambo: himaya iliyomtegemea mtu mmoja

Msikilizaji wetu, ukifungua Biblia unakutana na orodha ndefu za koo, fulani akamzaa fulani, na wengi wetu huwa tunaziruka. Humo kuna habari nzito za uongozi. Samweli alikuwa mwamuzi wa kuheshimiwa, lakini wanawe Yoeli na Abia walipopewa kazi hiyo kule Beer-sheba walikula rushwa, hadi wazee wakadai mfalme. Musa naye alikuwa na wana wawili, Gershomu na Eliezeri, ila aliyewekewa mikono ni Yoshua, mtu wa kabila la Efraimu aliyemtumikia tangu ujana wake.

Tukiwa na hayo kichwani, leo tunamtazama Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi, majirani zetu wa kusini kwa sisi tulioko huku Nyahanga na Kahama kwa jumla.

Alizaliwa karibu mwaka 1840 na kuitwa Mtyela Kasanda. Baba yake alikuwa mtemi wa Uyowa, katika mkoa wa Tabora wa leo. Inasimuliwa kwamba katika ujana wake alitekwa na Wangoni waliotoka kusini mwa Afrika, akajifunza kwao namna ya kupigana. Jina Mirambo, maana yake maiti, ni jina la vita.

Alirithi utemi mdogo tu. Zamani, katika sehemu nyingi za Unyamwezi, kiti cha mtemi kilikwenda kwa mtoto wa dada yake, si kwa mwanawe. Biashara ya pembe za ndovu na bunduki ilipokua, desturi hiyo ililegea, na mwenye nguvu aliweza kujitwalia zaidi ya alichoachiwa. Mirambo alifanya hivyo hasa. Aliunganisha Uyowa na Ulyankulu, kisha akaendelea kuteka temi za jirani. Silaha yake kubwa ilikuwa rugaruga, vijana wa vita ambao wengi wao walikuwa wametengana na koo zao: mateka, yatima, watoro. Hawakuwa na mzee wa ukoo wa kumtii. Walimtii yeye.

Mwaka 1871 aligombana na Waarabu wa Tabora juu ya biashara na hongo, neno ambalo siku hizo lilimaanisha ushuru wa kupita njia. Alichoma sehemu ya Tabora na kuifunga njia ya kwenda Ujiji, hata Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, ikabidi azunguke kusini. Miaka mitano baadaye Stanley huyohuyo alichanjiana naye damu. Mirambo aliwakaribisha pia wamisionari wa London Missionary Society. Daktari wao, Southon, aliishi Urambo hadi alipofariki mwaka 1882. Hakuwa mtu wa vita peke yake, ingawa vijiji alivyovichoma visingekubali kirahisi sifa hizi.

Alifariki tarehe 2 Desemba 1884, akiwa mgonjwa. Kiti kikaenda kwa ndugu yake Mpandashalo.

Hapa ndipo tunapomkumbuka Rehoboamu. Alipokea ufalme mkubwa kutoka kwa baba yake Sulemani, watu wakamwomba awapunguzie mzigo, wazee wakamshauri akubali, yeye akafuata maneno ya vijana aliokua nao. Makabila kumi yakaondoka na Yeroboamu. Mpandashalo, kwa maoni yetu, alikuwa na kazi ngumu kuliko hiyo. Rehoboamu aliachiwa angalau wazee wa baba yake. Watemi waliotekwa walimwogopa Mirambo, si nyumba yake, na rugaruga walikuwa wake kwa jina lake. Walianza kujitenga mmoja mmoja. Mpandashalo aliuawa vitani karibu mwaka 1890, wakati uleule Wajerumani walipokuwa wakiingia Tabora.

Tunaijua hali hii hata bila watemi. Mwenye duara anafariki, na ni yeye peke yake aliyejua anadaiwa na nani na nani kaahidiwa mgao gani. Watoto wanakalia kiti, wachimbaji wanahamia kwa mwingine.

Urambo bado ipo, kwenye reli ya Tabora kwenda Kigoma. Jina la Mirambo limepewa shule ya sekondari pale Tabora. La Mpandashalo sisi wenyewe tulilisikia kwa mara ya kwanza tukiwa watu wazima.