Tom Mboya: Jamaa aliyesaka vipaji bila digrii

Vijana wengi siku hizi wanataka kazi ya kuajiri watu. Si kuajiriwa tu, la. Wanataka kukaa upande ule mwingine wa meza, wasome wasifukazi, waite watu kwa mahojiano, waseme huyu anafaa na huyu bado. Ni kazi nzuri na ina mkwanja. Lakini ukiuliza inaanzia wapi utaambiwa leta digrii, leta cheti, leta miaka mitano ya uzoefu.

Basi hebu tumwangalie jamaa mmoja aliyefanya kazi hiyo kabla haijapewa jina zuri. Hakuwa na digrii. Sanamu yake iko pale Moi Avenue, na wengi wetu tunaitumia tu kama mahali pa kukutania mtu mjini.

Thomas Joseph Mboya alizaliwa Agosti 15, 1930 huko Kilimambogo, karibu na Thika. Kwao ni kisiwa cha Rusinga, Ziwa Victoria, lakini babake alikuwa kibarua katika shamba la mkonge la Mzungu. Kwa hivyo Tom alikulia katikati ya watoto wa makabila tofauti, akajua Kikamba na Kiswahili pamoja na Kijaluo cha nyumbani. Weka hilo akilini, litamfaa baadaye.

Alisoma Kabaa, akaenda Yala, kisha Mangu. Hapo karo ikagoma. Akili alikuwa nazo, pesa hazikuwepo, na akatoka Mangu kabla ya kufanya mtihani wa Cambridge. Mwaka wa 1948 akaingia Kabete kusomea ukaguzi wa afya, kwa sababu kule ulisoma huku unapata posho. Kufikia 1951 alikuwa mkaguzi wa afya katika Baraza la Jiji la Nairobi, akilipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa Mzungu aliyefanya kazi ile ile.

Kuna kisa cha enzi hizo ambacho Mboya mwenyewe alikisimulia. Alikuwa peke yake ofisini, mwanamke Mzungu akaingia na chupa ya maziwa ya kupimwa. Akaangaza macho huku na huku, kisha akauliza kama kuna mtu. Mboya ameketi pale pale mbele yake! Akamuuliza yule mama kama macho yake yana tatizo.

Ukicheka, cheka, lakini kisa hicho kina uzito. Mtu mwenye ujuzi anaweza kukaa mbele yako na usimwone kwa sababu ulishaamua kabla ya kuingia mlangoni mtu anafanana vipi. Kazi ya msaka vipaji inaanzia hapo. Kabla ya fomu na maswali, lazima kwanza uone.

Mboya akaanza kuwakusanya wafanyakazi wenzake wa baraza, wakaunda chama chao. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari. Chama cha KAU kilipigwa marufuku mwaka wa 1953, na vyama vya wafanyakazi vikawa karibu sauti pekee iliyobaki. Mwaka huo huo, akiwa na miaka 23 tu, Mboya akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini. Mwaka wa 1955 makuli wa bandari ya Mombasa walipogoma, yeye ndiye aliyesimama kati yao na waajiri hadi mishahara ikapanda. Baadaye mwaka huo akapata nafasi ya kusoma Ruskin College, Oxford, kwa mwaka mmoja. Alirudi na marafiki na anwani zao, na mwaka wa 1957 akachaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria akiwakilisha Nairobi.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Uhuru ulikuwa unanukia. Swali la Mboya lilikuwa la mwajiri kabisa: Wazungu wakiondoka, nani atakalia zile ofisi? Daktari atatoka wapi? Mhandisi je? Ukanda wetu ulikuwa na Makerere, na nafasi za huko zilikuwa chache mno. Serikali ya kikoloni iliona wachache hao wanatosha. Mboya akaona kinyume. Kwake yeye vipaji vilikuwa vimejaa. Mlango ndio ulikuwa mwembamba.

Vyuo vya Marekani vilikuwa tayari kuwachukua Wakenya, na vijana kadhaa walikuwa wamepata barua za kukubaliwa pamoja na ufadhili wa masomo. Kilichowakwamisha ni nauli. Hapo ndipo Mboya alipoonyesha ujanja wa kazi: hakujaribu kutatua kila kitu, alitafuta pale mnyororo ulipokatika. Akishirikiana na rafiki yake mfanyabiashara William Scheinman, shirika la African American Students Foundation likaanzishwa huko Marekani. Mwaka wa 1959 Mboya akazunguka nchi hiyo akihutubia na kuomba nafasi vyuoni. Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier wakaweka majina yao kwenye barua ya kuchangisha pesa. Badala ya kununua tiketi moja moja, wakakodi ndege nzima.

Septemba 1959 wanafunzi 81 wakaondoka Nairobi.

Huku nyumbani, kuchagua nani aende kulimhusisha Mboya pamoja na Gikonyo Kiano na Kariuki Njiiri, wawili ambao wenyewe walikuwa wamesoma Marekani. Hilo ni somo. Ukichagua watu wa safari, kaa na mtu aliyeijua barabara. Nazo familia na vijiji vikachanga pesa za matumizi. Mtoto wa mtu mmoja akawa mradi wa kijiji kizima.

Mwaka wa 1960 wanafunzi wakawa wengi kuliko pesa, na serikali ya Marekani ikakataa kulipia ndege. Julai mwaka huo Mboya akaenda kumwona seneta John F. Kennedy, aliyekuwa akiwania urais. Wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Safari hiyo ikabeba wanafunzi zaidi ya 200, wakiwemo wa kutoka nchi jirani. Mmoja wa vijana wa 1960 alikuwa msichana wa Nyeri, Wangari Muta, aliyeenda kusoma baiolojia Kansas. Ndiye Wangari Maathai, mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka wa 2004. Kufikia 1963 karibu wanafunzi 800 walikuwa wamevuka.

Usidhani kila mtu alipiga makofi. Waingereza walisema vyuo vya Marekani ni vya kiwango cha chini. Wapinzani waliona Mboya anajijengea jeshi la wafuasi, na kusema kweli mtu anayegawa nafasi hupata nguvu, apende asipende. Oginga Odinga naye alikuwa akituma vijana Urusi na nchi nyingine za kikomunisti. Vita baridi ilikuwa inapiganwa kwa barua za kukubaliwa chuoni! Hiyo ni sehemu ya kazi hii ambayo hakuna cheti kinachokuambia: ukishika orodha ya majina, unashika maisha ya watu, na wasioitwa hawasahau.

Baada ya uhuru Mboya alikuwa waziri wa Haki na Katiba, kisha wa Mipango ya Uchumi. Wale aliowasafirisha walikuwa wanarudi mmoja mmoja, wakiingia wizarani, hospitalini na vyuoni. Yeye hakupata muda wa kuwaona wakizeeka kazini. Jumamosi, Julai 5, 1969, alipigwa risasi akitoka katika duka la dawa kwenye barabara hiyo hiyo ya Moi Avenue, wakati huo ikiitwa Government Road. Alikuwa na miaka 38. Nahashon Njenga alihukumiwa kunyongwa kwa mauaji hayo, lakini swali la nani alimtuma linaulizwa hadi leo. Mboya alizikwa Rusinga.

Kwa hivyo wewe unayetaka kujenga jina katika kuajiri, cheti kitafute kikipatikana. Lakini jifunze pia alichofanya mtoto wa kibarua wa mkonge. Jua pengo ni lipi kabla ya kutafuta mtu. Tafuta pale wengine hawaangalii, kwa lugha ambazo wengine hawazijui. Ukimpata mwenye kipaji amekwama, uliza amekwama wapi hasa. Mara nyingi si akili. Ni nauli.