Denis Burkitt

Denis Parsons Burkitt (Enniskillen, Ireland, 28 Februari 1911 – Gloucester, Uingereza, 23 Machi 1993) alikuwa daktari mpasuaji aliyefanya kazi Uganda kuanzia mwaka 1946. Saratani ya taya za watoto iliyopewa jina lake hupatikana sana kandokando ya Ziwa Viktoria, Mwanza ikiwemo.

Dai lake la pili liligusa watu wengi zaidi. Aliona kwamba saratani ya utumbo mpana ilikuwa nadra kwa wanavijiji wa Afrika waliokula vyakula visivyokobolewa, akasema nyuzinyuzi za chakula ndizo kinga. Hakulithibitisha kikamilifu, kwa kuwa wanavijiji hao walitofautiana na Wazungu kwa mengi. Baadaye ilijulikana kuwa bakteria wa utumbo huchachusha nyuzinyuzi na kutoa asidi zinazolisha ukuta wake, na sasa bakteria hao wanachunguzwa kuhusiana na uzee wenye afya.