William Hogarth: Mchoraji Aliyepigania Jasho Lake

Wale wanaokusanya vitabu vikuukuu vya picha za dhihaka za Kiingereza hulithamini mno jina la William Hogarth. Bwana huyu alizaliwa London tarehe 10 Novemba, 1697. Baba yake, mwalimu wa Kilatini, alifungua mkahawa ambamo wateja walitakiwa wazungumze Kilatini. Biashara ya namna hiyo ingefika wapi? Ilifilisika, naye mzee akatiwa katika gereza la Fleet kwa madeni.

Kijana Hogarth alijifunza kutia nakshi vyombo vya fedha, kisha akageukia mabamba ya shaba. Mchoro huchimbwa katika shaba, hutiwa wino, na karatasi ikagandamizwa juu yake. Bamba moja hutoa picha nyingi. Mwaka 1732 alitoa picha sita za msichana wa shamba aliyefika mjini, akapotoka, akafa angali mbichi. Watu zaidi ya 1,000 walilipa gini moja kila mtu, yaani shilingi 21, wapate zote sita. Mara wachapaji wengine wakaziiga na kuziuza rahisi, mwenyewe asipate hata senti.

Mwana wa mfungwa wa madeni hakuliridhia jambo hilo. Yeye na wachoraji wenzake walipeleka malalamiko Bungeni, na mwaka 1735 ikapitishwa sheria ya kumlinda mchoraji kwa miaka 14. Picha zake nane za kijana aliyetapanya urithi wa baba yake alizizuia kwanza, hata sheria ilipoanza kufanya kazi ndipo akazitoa.

Sisi watu wa Pwani huenda tukaipenda zaidi picha yake ya 1751, ya mtaa ulioangamizwa na pombe kali ya jin: mama mlevi amemwachilia mtoto wake anaporomoka ngazini, wala hana habari. Lakini pamoja na hiyo alitoa nyingine ya kuisifu bia! Hapo tunaachana naye.

Alifariki Oktoba, 1764, bila ya kuacha mtoto. Mkewe, Jane, aliendelea kuziuza picha zile, na mwaka 1767 Bunge likampa haki ya peke yake kwa miaka 20. Jane alipofariki mwaka 1789 mabamba yakamwendea mchapaji John Boydell, na kufikia kitabu kikubwa cha 1822, James Heath alikwisha kuichimba upya mistari iliyofifia. Kwa hiyo mnunuzi mjuzi, kabla ya kufungua mkoba, huichunguza ile mistari kwanza: ni mkono wa Hogarth, au wa Heath?