Daktari Livingstone huko Nyangwe: mganga aliyeona, akaandika

Makanisa yetu ya mashariki yanamjua Daktari David Livingstone kama mmisionari aliyetembea sana. Watoto wa shule ya Jumapili wanajua hata kwamba alikutwa amekufa akiwa amepiga magoti. Leo tunataka kumwangalia kwa upande mwingine: mganga aliyekaa miaka kati ya wauza watu, hapa Kongo ya mashariki, akala chakula chao, kisha akaandika habari zao.

Tunafanya hivyo kwa sababu ya swali linalozunguka kati yetu Mambasa. Msichana wa miaka 15 analetwa kwenye nyumba ya uzazi. Mwanaume aliyemleta ndiye anayejibu kila swali. Msichana hajui jina la kijiji alipolala jana. Wiki nyingine anarudi na ugonjwa uleule, na mwanaume ni mwingine. Mkunga anaona. Je, sheria imlazimishe kutoa taarifa kwamba huenda huyu ni mtu aliyeuzwa? Wengi wetu tunajibu haraka ndiyo. Maisha ya Livingstone yanatufundisha kujibu polepole zaidi.

Alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 huko Blantyre, karibu na Glasgow, katika Scotland. Akiwa na miaka 10 aliingia kiwanda cha pamba, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku, na baadaye usiku huohuo akaenda shule. Sisi tunaoona watoto wakibeba mifuko ya mchanga kwenye machimbo ya dhahabu tusipite haraka hapo. Kwa watu wa Blantyre jambo hilo lilikuwa la kawaida, hakuna aliyeona la kutolea taarifa.

Alisoma uganga Glasgow, akapata cheti Novemba 1840. Alitaka kwenda China, lakini vita vya kasumba vilifunga njia, na Shirika la Misioni la London likamtuma Afrika ya Kusini, alikofika mwaka 1841. Mwaka 1845 akamwoa Mary, binti wa mmisionari Robert Moffat. Hapa kuna jambo ambalo wahubiri wengi hunyamazia. Livingstone alimvusha mke wake jangwa la Kalahari akiwa na mimba, zaidi ya mara moja. Binti yao Elizabeth alizaliwa mwaka 1850, akafa baada ya majuma machache. Mtoto aliyefuata alizaliwa safarini, kando ya mto, mwaka 1851. Mama mkwe alimwandikia barua kali, na sisi tunaona alikuwa na haki. Daktari alikuwa ndani ya nyumba ileile, lakini hali ya mama haikubadilisha safari. Mary alikufa kwa homa huko Shupanga, kwenye mto Zambezi, mwaka 1862.

Tunataja hayo kwa sababu kuwa mganga hakumfanyi mtu aone kila kitu kilicho mbele yake.

Mwaka 1861, katika bonde la mto Shire, yeye na kundi la Askofu Mackenzie walikutana na msafara wa watumwa. Walinzi walikimbia. Wazungu na watu wao wakakata kamba na kufungua miti yenye panda iliyokuwa shingoni mwa mateka. Zaidi ya watu 80 waliwekwa huru, na kati yao kijana Chuma, ambaye tutamtaja tena. Lakini misioni hiyo ikaingia katika mapigano na Wayao, watu wake wengi wakafa kwa homa, na baada ya muda mfupi ikaondoka. Kukata kamba kulichukua dakika chache. Kuwalisha na kuwalinda waliofunguliwa kulikuwa kazi ya miaka.

Safari yake ya mwisho ilianza mwaka 1866. Januari 1867 mpagazi mmoja alitoroka na sanduku lake la dawa. Tangu siku hiyo mganga alikuwa mgonjwa asiye na kwinini, na wapagazi wake wengi walikuwa wamemwacha. Nani alimwokoa? Walikuwa wafanyabiashara Waarabu na Waswahili, wenye pembe za ndovu na watumwa. Mwaka 1867 alikutana na Tippu Tip, akapewa chakula na njia. Mwaka 1869 alipokaribia kufa, Mohamed bin Gharib alimbeba kwenye machela na kumtunza kama ndugu mpaka Ujiji. Na mtu huyohuyo akaingia naye Maniema, ambako watu wa misafara walichoma vijiji na kuchukua wanawake na watoto. Livingstone hakumdharau bin Gharib. Aliandika mema yake, na mema hayo yalikuwa ya kweli.

Huko Kabambare vidonda vya miguu vilimweka chini miezi mingi. Februari 1871 watu kumi walifika kumsaidia, wakitoka pwani. Hao nao walikuwa watumwa wa wafanyabiashara Wahindi wa Zanzibar. Yaani mzigo wa adui wa utumwa ulibebwa na watumwa.

Mwisho wa Machi 1871 alifika Nyangwe, kwenye mto Lualaba. Alitaka mtumbwi avuke, na wenyeji hawakumpa, kwa sababu hawakuona tofauti kati yake na wale wengine. Akakaa zaidi ya miezi mitatu. Karatasi zilikuwa zimeisha, akaandika juu ya magazeti ya zamani kwa wino wa maji ya matunda. Furaha yake ilikuwa soko. Wamama walikuja kwa mamia wakiwa na samaki, chumvi, mawese, vyungu na kuku. Alipenda kukaa na kuwatazama wakipatana bei na kucheka.

Tarehe 15 Julai watu kama 1500 walikuwa sokoni. Watu watatu wa mfanyabiashara Dugumbe waliingia na bunduki, pakatokea ugomvi juu ya bei ya kuku, na risasi zikaanza. Wengine wakapiga kutoka upande wa mitumbwi, palepale ambapo wamama walikuwa wanakimbilia. Wengi walijitupa mtoni. Livingstone aliona vichwa juu ya maji, mstari mrefu, vikipotea kimoja kimoja. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Ng'ambo ya mto vijiji viliwaka moto.

Alitaka kuwapiga risasi wauaji, Dugumbe akamzuia. Dugumbe huyo alikuwa mkubwa wa watu waliopiga, tena ndiye aliyetuma mtumbwi kuokoa watu zaidi ya 20 majini, tena ndiye ambaye Livingstone alikuwa amemwomba msaada wa safari. Hiyo ndiyo hali halisi ya mtu anayeona. Mara chache mwovu anasimama peke yake upande wa pili. Mara nyingi ndiye mwenye mtumbwi.

Na taarifa ipelekwe wapi? Konsuli wa Uingereza alikuwa Zanzibar, miezi mingi kwa miguu, na kila barua ilipita mikononi mwa misafara ileile. Alikwisha kuandika barua nyingi ambazo hazikufika. Tarehe 20 Julai akaondoka Nyangwe, akatembea miezi mitatu. Njiani watu wa msituni walimrushia mikuki, wakimdhania mmoja wa wauza watu. Oktoba alifika Ujiji na kukuta mali yake imeuzwa na mtu aliyekabidhiwa. Muda mfupi baadaye akaja Henry Stanley, mwandishi wa gazeti, mwenye wapagazi wake, chakula chake na pesa zake. Wengi hukumbuka salamu zake tu. Sisi tunaona kwamba jambo kubwa lilikuwa mfuko wa barua. Mwaka 1872 Stanley alitoka nao, na habari za Nyangwe zikasomwa Uingereza. Januari 1873 Bartle Frere, aliyetumwa na serikali, akafika Zanzibar. Sultani Barghash alikataa, akatishiwa na manowari, na tarehe 5 Juni 1873 akatia sahihi. Soko la watumwa la Zanzibar likafungwa.

Livingstone hakusikia. Alikuwa amekufa mwanzoni mwa Mei mwaka huohuo, kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Chuma, yule aliyefunguliwa mwaka 1861, pamoja na Susi na wenzao, walibeba mwili mpaka pwani, na tarehe 18 Aprili 1874 ukazikwa Westminster, London.

Mkataba ulifunga bahari, haukufunga msitu. Mwaka 1887 Stanley alipopita Ituri, alikuta vituo vya Ugarrowwa na Kilonga-Longa, na vijiji vilivyoharibiwa na watu wao. Kiswahili tunachohubiria Mambasa kiliingia kwetu kwa misafara ya namna hiyo. Si aibu yetu, lakini ni vizuri kujua.

Jambo moja zaidi. Mwaka 2011 wataalamu walitoa picha za magazeti yale ya Nyangwe kwa mianga mbalimbali, na maandishi yaliyofifia yakasomeka. Ikaonekana kwamba Livingstone, alipoandika upya katika kitabu safi, alipunguza habari za ubaya wa watu wake mwenyewe. Aliwataja watu wa Dugumbe bila kuficha. Wale waliobeba mizigo yake aliwapunguzia.

Turudi kwenye nyumba ya uzazi. Vituo vyetu vingi, hata vile vya kanisa, vinaishi kwa pesa za wagonjwa. Bili ya msichana wa machimboni mara nyingi inalipwa na PDG wa shimo, au na mwanaume aliyemleta. Mama asiyelipa hushikiliwa, na anayekuja kumlipia huondoka naye. Mkunga huyo tukimwamuru tu atoe taarifa, tumemweka Nyangwe bila Stanley. Atanyamaza, au ataandika habari za watu wa mbali na kuwapunguzia walio karibu.

Tuna mfano wetu wenyewe. Wakati wa Ebola, kuanzia 2018 mpaka 2020, kila kituo cha Mambasa na Mandima kilitakiwa kutoa taarifa ya kila anayeshukiwa. Kazi hiyo iliokoa watu. Lakini mahali ambapo watu hawakuamini, wagonjwa walifichwa nyumbani, na Novemba 2019 watu wanne waliokuwa katika kazi hiyo waliuawa katika mashambulizi ya Biakato na Mangina. Msichana akijua kwamba kwenda kujifungua ni kupelekwa kwa askari, atajifungulia msituni.

Sheria ya nchi ipo. Ile ya tarehe 10 Januari 2009 inamlinda mtoto mpaka miaka 18, na ile ya tarehe 26 Desemba 2022 iliingiza biashara ya watu katika kitabu cha adhabu. Sisi tunakubali kwamba kwa mtoto taarifa iwe lazima. Kwa mwanamke mzima tunasita: aulizwe kwanza, akikataa aheshimiwe, na mlango ubaki wazi arudi. Taarifa isipite kwa mkubwa wa karibu mwenye hisa kwenye shimo. Na bili ya msichana wa namna hiyo ilipwe na mfuko wa kanisa, hata ikiwa kwa sadaka ya wamama, ili asiwe na mtu wa kumkomboa na kumchukua tena.

Kila mwaka tunahubiri juu ya Naamani na ukoma wake. Yule binti aliyetekwa na vikosi vya Shamu, akawa mtumishi wa mke wa Naamani, tunamsifu kwa imani yake, kisha tunamwacha palepale. Hatujasikia mahubiri yanayouliza kama alirudi kwao.

Pa kuanzia si mbali. Katika vituo vingi anayemsindikiza mgonjwa anaingia naye mpaka kitandani. Tunawaomba wakubwa wa afya wa makanisa yetu waweke chumba kimoja chenye mlango, na mkunga amwone kila msichana peke yake, angalau dakika kumi, mwanaume akingoja nje.