Harry Pope, Fundi wa Mitutu

Harry Pope, fundi wa bunduki wa Marekani, alizaliwa mwaka 1861. Wapenzi wa shabaha wenye bunduki za risasi moja moja walimpelekea silaha zao, naye akazitia mtutu mpya aliouchonga mwenyewe. Ndani yake alikata mifuo minane ya kuizungusha risasi ipate kwenda sawa, akipitisha chuma kidogo kidogo, bila pupa. Risasi iliingizwa kwa mdomo wa mtutu na baruti kwa nyuma, ili kitako cha risasi kisiharibike.

Mwaka 1906 alifungua karakana San Francisco. Haukupita muda, tarehe 18 Aprili, zilzala ikaupiga mji, moto ukafuatia, na karakana ikaangamia. Umri wake ulikwisha pita arobaini. Hakukata tamaa, alihamia Jersey City, akaanza upya, akaendelea kuchonga hata uzeeni. Alifariki mwaka 1950.

Mimi si mwindaji, ni mtunzi. Lakini namfahamu fundi huyu: mizani moja ikizidi, ubeti mzima huchechemea.