Robert Koch: Daktari wa Usambara, dawa ya malale na wagonjwa waliopofuka

Kila anayesomea udaktari hulisikia jina la Robert Koch, mtu aliyegundua bakteria wa kifua kikuu. Wengi hawajui kwamba Mjerumani huyu alifika Tanga na milima ya Usambara zaidi ya mara moja, na kwamba moja ya majaribio yake makubwa ya tiba lilifanyika Afrika Mashariki. Baadhi ya wagonjwa wa jaribio hilo walipoteza macho yao. Katika makala hii tunaangazia maisha yake na funzo lililobaki.

Kutoka wilayani hadi Berlin

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 huko Clausthal, mji wa migodi nchini Ujerumani. Alisoma udaktari Göttingen, kisha akawa daktari wa wilaya. Nyumbani kwake, kwa hadubini na vifaa vichache, alichunguza kimeta, na mwaka 1876 akaonyesha kijidudu kinachousababisha. Mwaka 1882 akatangaza bakteria wa kifua kikuu, na miaka miwili baadaye akarejea kutoka Misri na India akiwa na bakteria wa kipindupindu.

Mwaka 1890 alitangaza dawa ya kifua kikuu aliyoiita tuberkulini. Wagonjwa walimiminika Berlin. Baada ya miezi michache ilibainika kwamba haiponyi, na wengine walifariki baada ya kudungwa. Baadaye tuberkulini ilifaa kwa kupima maambukizi tu. Hiyo ilikuwa dalili ya kwanza ya haraka yake pale alipoamini kwamba tiba imepatikana.

Washambaa na mbu

Mwaka 1897 Koch alikuja Afrika Mashariki, iliyokuwa chini ya Wajerumani. Alipanda hadi Kwai, Usambara Magharibi, si mbali na Lushoto. Huko alikuta kwamba wenyeji wa milimani walioteremka tambarare walirudi na homa. Ugonjwa huo waliuita mbu, jina lile lile la mdudu, kwa sababu waliamini ndiye anayewaambukiza. Koch aliandika habari hiyo katika ripoti zake, hata kabla ya wanasayansi wa Ulaya kukubaliana kuhusu mbu na malaria. Wagonjwa wenyewe walikuwa na jambo la kumfundisha daktari.

Mwaka 1905 alikuwa tena nchini, akichunguza homa inayoletwa na kupe na vimelea vya mbung'o. Alifanya kazi pia Amani, Usambara Mashariki, katika taasisi ya utafiti iliyoanzishwa mwaka 1902. Mwisho wa mwaka huo alipewa Tuzo ya Nobel.

Visiwa vya Ssese

Mwaka 1906 alirudi akiongoza msafara wa kutafiti malale. Ulianzia Tanga na Amani, ukapita Mwanza, kisha ukaweka kambi visiwa vya Ssese, Uganda, kwa kuwa huko wagonjwa walikuwa wengi mno. Katika miaka hiyo malale iliua zaidi ya watu 200,000 kandokando ya Ziwa Victoria.

Kimelea cha malale huingia mwilini kwa kuumwa na mbung'o, na mwishowe hufika kwenye ubongo. Mgonjwa husinzia mchana, huchanganyikiwa, na wengine hupata degedege linalofanana na kifafa. Bila tiba, hufa.

Koch alitumia atoksili, dawa yenye aseniki. Mwanzoni matokeo yalitia moyo, kwani vimelea vilitoweka na waliodhoofika wakapata nafuu. Lakini vimelea vilirudi. Akapandisha dozi kutoka nusu gramu hadi gramu moja. Wagonjwa walipata maumivu, kizunguzungu na msokoto wa tumbo. Watu 22 wakapofuka, na macho yao hayakurudi. Ndipo dozi ikapunguzwa.

Hata hivyo Koch aliendelea kuipendekeza dawa hiyo, pamoja na kambi za kuwatenga wagonjwa. Kambi hizo zilifunguliwa upande wa Wajerumani pia, na wagonjwa wengi walizitoroka.

Nchini mwao Wajerumani walikwishaona hatari. Mwaka 1900 serikali ya Prussia iliagiza kwamba mtu asifanyiwe jaribio lisilo la tiba hospitalini bila kuelezwa na kukubali. Agizo hilo halikugusa majaribio ya tiba, na halikumlinda mgonjwa wa Ssese.

Kilichobaki

Koch alifariki tarehe 27 Mei 1910 huko Baden-Baden, akiwa na umri wa miaka 66. Tunamheshimu kwa maarifa yaliyookoa mamilioni ya watu. Lakini waliopofuka Ssese nao ni sehemu ya historia ya dawa, ingawa majina yao hayatajwi vitabuni.

Usambara bado ni eneo la utafiti. Kituo cha Amani sasa kiko chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, na Korogwe, chini ya milima hiyo, ilishiriki majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S. Leo jaribio la dawa, iwe ya malaria au ya kifafa, hupitiwa kwanza na kamati ya maadili. Mshiriki huelezwa faida na madhara kwa lugha anayoielewa, ndipo akubali au akatae. Anaweza pia kujitoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu yake ya kawaida.

Kwa hiyo msomaji, ukiletewa fomu ya ridhaa, usiione kuwa karatasi ya kupoteza muda. Uliza dozi ni kiasi gani, madhara ni yapi, na ukidhurika nani atakuhudumia. Wagonjwa wa Ssese hawakuwa na fomu ya namna hiyo.